Fungua mlango, soma kibandiko: juu ya pikapu kubwa za Lubumbashi

Bwana Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Sisi ni mafundi wa magari na wauza vipuri hapa Lubumbashi. Tunaandika juu ya pikapu kubwa ambazo siku hizi zinaonekana kila mahali, kuanzia mtaa wa Golf hadi Ruashi: Ford F-150 na Raptor, Ram 1500 na TRX, Toyota Tundra, pamoja na Land Cruiser na Hilux zilizoinuliwa, zikavishwa matairi mapana na vyuma kila upande. Hatuna ugomvi na mtu anayependa gari. Neno letu ni hili: pikapu inayonunuliwa ili mwenyewe aonekane ni bosi, mara nyingi hubeba kidogo kuliko pikapu ya kazi, huharibika kwa sababu zinazojulikana mapema, na hatari yake humwangukia mtu ambaye hakuinunua, yule apitaye kwa miguu.

Tuanze na mzigo, kwa kuwa ndio unaotajwa kwanza mtu akiulizwa kwa nini amenunua. Fungua mlango wa dereva. Gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani lina kibandiko kwenye nguzo ya mlango kinachotaja, kwa kilo na kwa ratili, uzito wa juu wa watu na mizigo kwa pamoja. Hayo maneno "kwa pamoja" ndiyo yanayosahaulika. Kila mtu anayepanda anakula sehemu ya mzigo. Raptor ya F-150 haizidi kilo 635 hivi. Ram TRX haizidi kilo 594. Panda watu wazima 5 wenye kilo 75 kila mmoja, hao ni kilo 375. Kwenye Raptor zinabaki kilo 260, yaani mifuko 5 ya simenti ya kilo 50. Kwenye TRX inabaki mifuko 4. Land Cruiser 79 ya kabini moja, ile ile ambayo makampuni ya migodi ya Kolwezi na Fungurume yanaitumia kila siku, inabeba karibu tani 1. Toa dereva na msaidizi wake, kilo 150, zinabaki kilo 850 hivi. Hiyo ni mifuko 17.

Watu wakisikia hesabu hiyo hawaamini, kwa sababu jicho linaona gari kubwa na injini ya nguvu nyingi. Lakini injini haibebi mzigo. Mzigo unabebwa na springi, ekseli, beringi, rimu na matairi. Raptor na TRX zimeundwa kukimbia jangwani kwa kasi, kwa hiyo springi zake za nyuma (kwa Raptor, kuanzia modeli ya 2021) ni za koili, laini, zenye mwendo mrefu wa kupanda na kushuka. Ukizibebesha tani 1, mkia unakaa chini, amotisere (shokapu) zinagonga mwisho wa mwendo wake, mataa yanaelekea juu, na magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi hata usukani hauitiki vizuri. Land Cruiser 79 ina springi za lamu nyuma na ekseli nzima. Haina raha ikiwa tupu, inaruka kwenye mashimo, lakini ikishajazwa ndipo inatulia. Imefanywa hivyo kwa makusudi.

Kuna na urefu wa sehemu ya mizigo, beni kama tunavyoiita. F-150 na Ram za milango minne zinazoletwa huku kwa wingi zina beni fupi ya mita 1.7. Bati la kuezekea ni mita 3. Hata ukilaza mlango wa nyuma, bati linaning'inia, na kila kinachoning'inia nyuma ya ekseli kinazidisha ile kazi ya kuinua pua ya gari. Gari la urefu wa mita 5.9 linashindwa kubeba bati vizuri, kwa kuwa sehemu kubwa ya urefu huo ni kabini na boneti. Tena gari likishainuliwa, beni inafika kwenye kifua cha mpakiaji. Mwenye kupakia mifuko ya kilo 50 kutwa nzima anajua tofauti ya kuinyanyua hadi kiunoni na kuinyanyua hadi kifuani.

Wenye Land Cruiser na Hilux wasifikiri wamepona. Bampa nzito ya chuma huwa na kilo 60 hadi 80. Winchi pamoja na kamba yake ni kilo 40 hivi. Weka keria ya juu, tairi la pili la akiba, mabomba ya pembeni na safu ya mataa, na kilo 200 zimekwisha kutumika kabla mtu hajapakia hata gunia moja la mahindi. Halafu lile bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa: mengi yanayouzwa hayazibi vizuri mahali yanapoingia kwenye sanduku la filta. Kulipima ni rahisi. Washa injini, iache iungurume bila kukanyaga mafuta, kisha ziba mdomo wa bomba juu kwa kiganja au kwa kipande cha ubao. Injini ikizima, bomba limefungwa sawasawa. Ikiendelea kuunguruma, inavuta hewa mahali pengine, na siku ya kuvuka maji itavuta maji. Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi, na kinachopinda ni mkono wa pistoni.

Sasa mafuta. Takwimu rasmi za Marekani kwa mwendo wa mjini zinaipa Raptor ya V6 yenye turbo 2 karibu litre 15.7 kwa kilomita 100, na TRX ya V8 litre 23.5. Mtu anayezunguka Lubumbashi kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anafika kilomita 1,040. Kwa Raptor hizo ni litre 163, kwa TRX litre 244. Gari dogo la litre 7 kwa kilomita 100 linamaliza kazi hiyo hiyo kwa litre 73. Na hesabu hiyo ni ya gari lisilo na kasoro, lenye matairi yake ya kiwandani. Weka matairi mapana zaidi, foleni ya saa kumi na moja jioni na kiyoyozi, na namba zote zinapanda.

Wingi wa mafuta ni jambo moja, ubora wake ni jambo lingine, na hilo la pili ndilo linaloleta magari garaji. Injini yenye turbo na enjektere zinazopuliza moja kwa moja ndani ya silinda inataka esansi (petroli) ya oktani inayotajwa kwenye kitabu chake; oktani ni kipimo cha esansi kuvumilia kubanwa bila kugonga. Esansi ya kando ya njia, ya kadhafi (wauza mafuta wa njiani), hukaa kwenye bidoni wazi juani, huingia maji na vumbi, na mara nyingine huchanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa yanashusha oktani. Injini inaanza kugonga, kompyuta inachelewesha moto wa plagi ili kuiokoa, nguvu zinapungua, moshi unatoka ukiwa wa moto kupita kiasi, na katalizeri, kile kisafisha moshi, inayeyuka ndani. Mwenye gari anasikia tu kwamba gari "limechoka". Gari la kabureta la zamani lilivumilia mafuta ya namna hiyo kwa miaka. Hili la leo halivumilii.

Dizeli ni tatizo kubwa zaidi, na hapa tunaomba msomaji atulie. Pikapu za dizeli za soko la Marekani, kuanzia mwaka 2007, zina filta ya masizi kwenye bomba la moshi, na kuanzia 2010 nyingi zinatumia pia maji ya urea, ambayo ni urea asilimia 32.5 ndani ya maji safi. Mfumo mzima umeundwa kwa mazutu (mafuta ya dizeli) yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni. Filta ya masizi hujisafisha kwa kuchoma: kompyuta inaongeza mazutu ili moshi ufike joto la karibu digrii 600, na inahitaji gari liwe mwendoni bila kukatishwa dakika 15 hadi 25. Mtu anayetoka nyumbani Golf kwenda ofisini mjini na kurudi, kilomita 4 kwenda, hafikishi hata mara moja. Anazima katikati ya kuchoma. Mazutu iliyoongezwa haikuungua yote, inateremka kwenye kuta za silinda, inachanganyika na oili. Dalili yake ya kwanza ni ya ajabu kwa asiyejua: ukivuta kijiti cha kupimia, oili imepanda badala ya kupungua. Ukiona hivyo usifurahi. Oili hiyo imekuwa nyepesi na inakula beringi za injini. Ibadilishe siku hiyo hiyo, kisha tafuta sababu.

Maji ya urea yakiisha, kompyuta inatoa onyo, halafu inapunguza mwendo hadi gari linatambaa. Kuna wanaojaza maji ya bomba ili taa izimike. Chumvi za maji hayo zinaganda kwenye pampu na kwenye pua ya kupulizia, na zote mbili hazisafishiki. Kuna pia pampu ya presha ya juu, inayosukuma mazutu kwa karibu bar 2,000. Vyuma vyake vinalainishwa na mazutu yenyewe. Ikipata maji, au mazutu kavu isiyolainisha, inajisaga na kutawanya unga wa chuma katika mfumo wote. Hapo kubadilisha pampu peke yake ni kutupa pesa. Inabidi kubadili pampu, enjektere zote, reli na mabomba ya presha, na kushusha tangi lisafishwe. Fundi anayekubali kubadili pampu tu anamuuzia mteja pampu ya pili ya kufa.

Linganisha na 1HZ, mojawapo ya injini za Land Cruiser 79: silinda 6 kwa mstari, sentimita za ujazo 4,164, haina turbo, pampu ni ya mitambo, wala haina filta ya masizi. Inakunywa litre 12 hadi 14 kwa kilomita 100, haina mbio, inapiga kelele. Inataka oili litre 9 na nusu hivi pamoja na filta, maji yamwagwe kwenye kichujio cha mazutu mara kwa mara, na mkanda wa taiming ubadilishwe kila kilomita 100,000. Vipuri vyake viko Kamalondo, viko Likasi, viko Kolwezi. Kosa tunaloliona kwake ni la mapambo pia: watu wanaifunga turbo ili ipande mlima kama gari la V8. Mbano wa 1HZ ni zaidi ya 22 kwa 1, na injini haikuundwa kwa joto hilo. Kichwa cha silinda kinapasuka kwenye vyumba vya mwako, au pistoni inayeyuka. Usione vyaelea, vimeundwa, na kilichoundwa bila turbo kiachwe hivyo.

Juu ya oili tuseme kwa kifupi. V8 ya Hemi ya litre 5.7 inataka oili nyepesi ya 5W-20, litre 6.6, na ina plagi 16, mbili kwa kila silinda. Anayenunua 8 amenunua nusu. Injini hiyo huzima silinda 4 ikiwa haina kazi kubwa, na kuzima huko kunafanywa na oili inayopita kwenye vitundu vidogo. Ukiweka 20W-50 iliyozoeleka hapa, oili inachelewa kufika, taa ya injini inawaka, na baadaye vinyanyuzi vya valvu vinakwama na kula kamshafti. Giaboksi za otomatiki za magari hayo ni hivyo hivyo. Ile ya gia 8 ya Ram ina karai la plastiki ambalo filta imo ndani yake, kwa hiyo hubadilishwa vyote pamoja, na kiwango cha mafuta hupimwa injini ikiwaka, mafuta yakiwa kati ya digrii 30 na 50. Mafuta mekundu ya kawaida ya otomatiki hayafai humo.

Hata gari jipya halikupi kinga. Mwaka 2024 Toyota iliita magari karibu 102,000 nchini Marekani, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, kwa sababu ya mabaki ya chuma yaliyosalia ndani ya injini ya V6 wakati wa kutengenezwa. Mmarekani anapeleka gari kwa muuzaji, injini inashughulikiwa bure. Tundra hiyo hiyo ikifika mpakani Kasumbalesa kupitia Dubai na Dar es Salaam, wito huo haujui tena gari liko wapi.

Kuinua gari kunahitaji maneno yake. Kifaa cha kuinua cha inchi 6 kinapandisha fremu sentimita 15. Vifundo vya kadani za mbele (shafti zinazozungusha magurudumu) vinafanya kazi vikiwa vimepinda kupita kipimo, mipira yake inachanika, grisi inatoka, vumbi jekundu linaingia, na baada ya muda unasikia tak-tak-tak ukikata kona. Rotili (bol-jointi) zinavutwa. Mabomba ya breki yanakuwa mafupi: anayeinua gari lazima alinyanyue kwa jeki hadi magurudumu yaning'inie kabisa, kisha aangalie kama bomba au waya wa ABS umekaza kama kamba ya gitaa. Kama umekaza, siku ya shimo kubwa utakatika.

Kuna hesabu moja tunayotaka kila mwenye gari lililoinuliwa aifahamu. Gawanya upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia kwa urefu wa kitovu cha uzito mara 2. Chukua mfano wa gari lenye upana wa mita 1.73 na kitovu cha uzito kwenye sentimita 75: unapata 1.15. Pandisha kitovu hicho sentimita 12 tu, namba inashuka hadi 0.99. Kadiri namba inavyokaribia 1 au kushuka chini yake, ndivyo gari linavyoelekea kupinduka mahali ambapo lingeteleza tu. Kwenye barabara ya Likasi, mtu akikwepa lori lililoharibika na kusimama njiani, tofauti hiyo ndiyo inayoamua.

Matairi, au mapine kama tunavyosema hapa. Hilux iliyotoka kiwandani na 265/65R17 ina tairi la kipenyo cha milimita 776. Ikivishwa 285/75R16 kipenyo ni milimita 834, zaidi kwa asilimia 7. Kipima mwendo kikisoma 80, gari linakwenda 86. Breki zile zile sasa zinasimamisha gurudumu zito zaidi na kubwa zaidi. Rimu zilizochomoza nje ya mwili wa gari zinavuta beringi upande mmoja, na vile vipande vya kusogeza rimu nje vinakata bolti. Mtu aliyekwisha kuvifunga, angalau akaze nati kwa ufunguo wenye kipimo na kurudia kukaza baada ya kilomita 100.

Tufike kwa wenye miguu. Hapa ndipo jambo hili linatoka kuwa la mwenye gari na mfuko wake. F-150 ina upana wa mita 2.03, na ukihesabu vioo ni mita 2.43. Land Cruiser 79 haizidi mita 1.9 bila vioo. Njia moja ya barabara kuu ya Marekani ina upana wa mita 3.6 hivi, na gari hilo limechorwa kwa barabara hiyo. Lilete kwenye avenyu za komuni za Katuba au Kenya hapa mjini, karibu na masoko, ambako kuna mama wenye meza za nyanya, baiskeli zilizobeba magunia ya makala (makaa), taksi-moto zinazopita kila upande, na watoto wa shule wanaotembea kwenye ukingo wa mtaro kwa kuwa hakuna njia yao. Pikapu 2 za namna hiyo zikipishana zinataka karibu mita 5. Anayepisha ni mwenye baiskeli, na anapisha kuelekea mtaroni. Mzunguko wa kugeuza wa F-150 ya milango minne unapita mita 14, kwa hiyo kila kugeuza kwenye avenyu ni kurudi nyuma mara 2 au 3, na nyuma ndiko watoto waliko.

Boneti ndiyo mbaya kuliko vyote. Gari la chini likimgonga mtu mzima, linampiga miguuni na kumrusha juu ya boneti. La boneti ndefu, wima kama ukuta, linampiga kifuani au kichwani na kumtupa chini mbele ya magurudumu. Taasisi ya IIHS ya Marekani, inayochunguza usalama barabarani kwa niaba ya makampuni ya bima, ilitangaza Novemba 2023 kwamba magari yenye boneti inayozidi sentimita 102 kutoka chini yana uwezekano wa takriban asilimia 45 zaidi wa kumuua mtu aliyegongwa kuliko magari yenye boneti ya sentimita 76 au chini ya hapo, yaliyoinama mbele. Hizo ni takwimu za magari ya kiwandani. Ongeza sentimita 15 za kuinuliwa na bampa ya chuma isiyobonyea, ufikirie mwenyewe.

Kila mwenye pikapu anaweza kupima hatari ya gari lake kwa dakika 10. Keti kwenye kiti chako kama unavyoendesha. Mtu mwingine asimamishe bidoni ya litre 20 mbele ya bampa, kisha aisogeze mbele polepole hadi uone kilele chake. Pima umbali huo kwa hatua. Rudia kwa fimbo ya mita 1, ambayo ni kimo cha mtoto wa miaka 4 hivi. Umbali wa fimbo ndio ukubwa wa shimo ambalo mtoto anaweza kusimama bila wewe kumwona. Andika namba hiyo ubandike kwenye dashibodi, dereva wako naye aijue. Kama gari halina kamera ya mbele, funga moja. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko ile safu ya mataa juu ya paa.

Mataa nayo yanaumiza. Gari likiinuliwa, taa zake zinafika kwenye macho ya dereva wa gari dogo. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani sentimita 10 chini ya urefu huo, kisha geuza skrubu ya taa hadi ukingo wa juu wa mwanga mfupi uguse alama. Balbu za LED zilizotiwa ndani ya taa iliyoundwa kwa balbu ya kawaida hutawanya mwanga hata ukirekebisha namna gani. Zitoeni.

Kuna wanaohitaji gari kubwa kweli, na hatuwasemi hao. Anayevuta trela ya mashine ya kuchimba visima, mwenye shamba upande wa Kasenga ambaye barabara yake hugeuka tope kuanzia Novemba hadi Machi, fundi anayebeba jenereta. Kwa kuvuta, F-150 na Ram zina nguvu kubwa, zaidi ya tani 3 na nusu, na katika hilo zinazipita pikapu nyingi za kazi. Usukani wake pia uko kushoto, unaofaa barabara zetu za kushika kulia, wakati magari mengi ya Japani yanakuja na usukani wa kulia na dereva wake haoni anapotaka kupita lori. Hizo ni sababu halali. Swali ni moja tu: mara ngapi kwa mwezi beni inajaa au trela inavutwa? Kama ni mara 2 kwa mwaka, kukodi lori dogo la Canter kwa siku hizo 2 kunamaliza kazi yote.

Kwa aliyekwisha kuamua kununua, aanze na namba ya shasi. Ina tarakimu na herufi 17. Ya kwanza ikiwa 1, 4 au 5, gari limeunganishwa Marekani. 2 ni Kanada, 3 ni Meksiko. Ya 10 ni mwaka wa modeli: J ni 2018, K 2019, L 2020, M 2021, N 2022, P 2023. Muuzaji akisema 2022 na herufi ni K, mazungumzo yameisha. Magari mengi yaliyohesabiwa na bima kuwa yamekufa, ya ajali au ya mafuriko, huuzwa mnadani Marekani na kupelekwa nje. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho kabisa: mstari wa matope kwenye kitambaa ni alama ya maji. Angalia kutu kwenye reli za viti chini ya kapeti, na rangi ya kijani kwenye viunganishi vya waya chini ya dashibodi. Waya zilizolowa haziharibiki siku ya kwanza. Zinaharibika baada ya miezi 6, ukiwa umekwisha kulipa.

Ombi letu kwa gazeti lenu ni la vitendo. Katika kurasa za matangazo, gari huuzwa kwa picha, rangi, inchi za rimu na nguvu za injini. Tunaomba kila tangazo la pikapu litaje pia mambo 4: uzito wa watu na mizigo kama ulivyoandikwa kwenye nguzo ya mlango, urefu wa beni ndani, aina ya mafuta na kama kuna filta ya masizi au urea, na urefu wa boneti kutoka chini. Muuzaji anayejua gari lake atayapima yote kwa futi na dakika 5. Sisi tuko tayari kuwaandalia fomu yake bila malipo, na kuwaonyesha waandishi wenu mahali pa kusoma kila namba.

Wenu,
Mafundi wa magari na wauza vipuri,
Kamalondo, Lubumbashi